Mama Mkaguzi na Gari Lililopumulia Pengine

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mkaguzi, na ambaye kama angekuwa amekaa hapa angekwisha kuniomba karatasi hii aisome kwanza yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, karibu na stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili na binti wa kwanza. Alianza shule ya msingi Januari 1974, akamaliza sekondari ya wasichana Novemba 1984, na huko bwenini walimpa jina la Polisi, kwa sababu mwenzake akimsifia gauni, yeye alimuuliza anataka kuazima nini.

Agosti 1987 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, kazi ya kuzunguka masokoni na madukani kuhakikisha kilo ni kilo na lita ni lita, na tabia ya kushuku watu, ambayo nyumbani ilimletea ugomvi, ofisini ikamletea cheo. Wachumba wawili walikuja wakaondoka, wa kwanza kwa kuwa alichelewa akasingizia mvua, kumbe dada alikuwa amepita njia hiyohiyo nayo ni kavu, na wa pili hatujui, labda alimwogopa tu.

Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na kaka yetu mkubwa ndiye aliyeshika nafasi yake. Februari 1997 kaka alimwachia dada gari lake, la zamani lakini si la kabureta, lile ambalo petroli yake inapulizwa na nozeli na kuongozwa na kompyuta ndogo, na haukupita muda gari likaanza vituko. Likiwa limesimama, bila mguu kwenye mafuta, silensa, yaani ule mngurumo wake wa kusubiri, ilipanda yenyewe kama mtu amekanyaga, ikashuka mpaka gari likatetemeka kutaka kuzima, ikapanda tena. Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi, ya pili ikasema kompyuta imekufa, gari likabaki vilevile, na dada akafikia uamuzi wake kwamba kaka alijua. Aliwapigia shangazi zetu mmoja mmoja akiwaambia, "Amenitupia ubovu wake," akaacha kukanyaga kwa kaka, na walipokutana kwenye kikao cha familia, kaka alipomsalimia, salamu aliiitikia akiangalia ukuta.

Gereji ya tatu ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, ya fundi mmoja mpole, na dada alivuta kigoda akakaa ubavuni mwa boneti, macho kwenye mikono ya yule bwana.

"Linafanya hivi likiwa la baridi, au likishapata moto?" fundi aliuliza.

"Si wewe ndiye fundi?"

"Na wewe ndiye unayeliendesha."

Dada akakiri kwamba asubuhi lilitulia, vurugu zilianza likishapata moto. Fundi akafungua valvu inayolipatia gari hewa likiwa limesimama, akaisafisha masizi, akairudisha, akawasha, na silensa ikaendelea kupanda na kushuka.

"Nimekosea," akasema. "Si hii."

Dada alitusimulia baadaye kwamba katika miaka yote ya ukaguzi hakuwahi kusikia mtu aliyesimama karibu na mzani akilitamka neno hilo kabla ya kubanwa, na kwa mara ya kwanza siku ile aliinua macho kutoka kwenye mikono ya fundi akamtazama usoni.

Kisha fundi akaziba kwa kiganja mdomo wa bomba la kuingizia hewa, injini ilipaswa kuzima, haikuzima. "Unaona? Inapumulia pengine." Akapulizia maji ya sabuni kwenye mipira ya kupitishia hewa, mmoja baada ya mwingine, hadi alipofika kwenye ule ulio chini kabisa, sauti ya injini ikabadilika, akaubana kwa koleo, silensa ikatulia tuli, akauachia, vurugu zikarudi. "Hewa ya wizi hii. Inaingia bila kompyuta kujua, ndiyo maana inahangaika."

Dada alilichukua koleo akabana mwenyewe, akaachia mwenyewe, ndipo akauliza lililokuwa moyoni.

"Mpira umekatwa?"

Fundi akauchomoa ule mpira, akaukunja mbele yake, ukaonyesha nyufa ndogo tumboni mwote, kama kisigino kikavu. "Kisu hukata mahali pamoja. Huu umechoka kwa joto. Na kule chini, aliyekupa gari angeuonea wapi?"

Fundi akafunga mpira mpya, na jioni ileile dada aliendesha hadi kwa kaka, akasimama getini bila kuzima gari, kaka akatoka na taulo begani.

"Sikiliza," dada alisema.

Kaka akasikiliza. "Limetulia."

"Nilidhani ulijua."

"Najua ulidhani. Shangazi zako wote wamenipigia."

Neno samahani halikuwa jepesi kinywani mwa dada, na siku ile pia halikutoka, ila machozi yalitoka, na kaka akamwambia azime gari aingie ndani, petroli inaungua bure.

Baada ya hapo alirudi gereji mara kwa mara, eti kukagua ule mpira mpya, mpaka tukaanza kushuku sisi. Tarehe 14 Novemba 1998 alifunga ndoa na yule fundi, kaka akasimama mahali pa baba, na wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1999 na kijana mwaka 2003.

Machi 2023 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye kongosho. Alipimwa upya hospitali nyingine kwa kutoamini majibu ya kwanza, na hakuna kidonge kilichopita midomo yake kabla ya anayekileta kumsomea jina la dawa na kazi yake. Asubuhi ya tarehe 22 Juni 2024, nyumbani kwake, binti yake alimpelekea dawa, akazipokea, akazimeza. Binti akatoka akaenda sebuleni, akamwambia baba yake, "Mama hajauliza ni dawa gani." Fundi akaweka kikombe chini, akaingia chumbani, akamshika mkono, hakuuachia mpaka saa tano, dada alipokata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani walioacha milango yao wazi kwa ajili yetu, na wenzake wa ofisini, ambao aliwashuku wote kwa usawa na akawapenda.

Lala kwa amani, dada yetu. Zamu ya kukaa macho sasa ni yetu.