Gunia Lisilo na Kilemba

Ukitaka kuwaona Wakristo wa Kibaigwa, usingoje Jumapili. Njoo siku ya kazi, asubuhi, kwenye benchi la Halfani muuza kahawa, pale malori ya Dar yanapopakia mahindi. Tangu serikali iachie biashara ya nafaka, kila mtu kawa dalali, na kila dalali ana shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Madalali wetu wamebatizwa wote, na wote wanashona lumbesa: gunia likijaa wanalivika kilemba cha kamba na kipande cha gunia jingine, wanashindilia mpaka linaota kichwa, halafu mkulima analipwa gunia moja. Asubuhi moja aliyesemwa ni Batholomeo. Alikuwa ameokoka Pasaka, akaanza kushona gunia mdomo sawa, bila kilemba. Tajiri wa soko la Tandale, Dar, akaukataa mzigo wake kwa kuwa hauna vilemba, na madalali wenzake walikuwa wamepanga kumnyang'anya shazia jioni ya siku hiyo. Sasa alikuwa ng'ambo ya barabara, amekaa peke yake juu ya magunia yake.

— Mtu una watoto, unajitia utakatifu sokoni! alisema Spana, utingo mstaafu. Kanisa si lipo? Akaokokee huko.

— Nyie mmelala, alisema Matonya, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Yule ana wazungu nyuma yake. Anapigwa picha na yale magunia, picha zinakwenda Ulaya.

— Nani kampiga picha?

— Hukumwona yule mzungu wa pikipiki juzi?

— Yule si alikuwa anauliza njia ya Mpwapwa!

— Ndivyo wanavyoanza hao.

— Mimi nasema anautaka ubunge, alisema Spana. Vyama vingi hivi, bwana. Wakulima wengi kuliko madalali, au siyo? Kampeni hiyo.

— Ubunge mdogo, alisema Redio. Yule anaanzisha kanisa lake. Sadaka atapokea kwa mahindi, na siku hiyo mtaona kilemba! Lori litapita chini yake.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Redio akapaza sauti kuelekea ng'ambo:

— Mtume! Umekunywa chai leo?

— Bwana asifiwe, alijibu Batholomeo, akapunga mkono. Wakacheka tena.

Ndipo Ludovick akakohoa. Huyu ni dalali na mzee wa kanisa, anahubiri vijijini, na jina lake la kijiweni ni Askofu. Shazia yake huichomeka kwenye kofia, sokoni na kokote aendako.

— Vijana, tusimseme mtu bila Neno. Bwana mwenyewe anapenda kipimo kilichoshindiliwa, kikatikiswa, mpaka kikamwagika. Sasa hiyo ni nini kama si lumbesa?

— Amina! alisema Spana.

— Kwa hiyo anayempinga Mungu ni Batholomeo. Jioni nitafungua kikao kwa sala, kisha ataitoa shazia.

Kahawa ilinipanda puani. Nimesikia upuuzi mwingi kwenye benchi lile, lakini huu ulikuwa umevikwa joho.

— Kwetu Waislamu kupunja ni dhambi, alisema Halfani, akimimina.

— Ndiyo maana unauza kahawa, alisema Redio.

Walikuwa bado wanacheka alipofika mama mmoja, punda nyuma yake kabeba mahindi, vumbi limempanda mpaka magotini.

— Mbukwenyi, baba zangu, alitusalimu kwa Kigogo.

— Mbukwa, mama.

— Nimeambiwa hapa kuna dalali aliyeokoka, hashoni kilemba. Jina lake limenipotea njiani.

Redio alikuwa ameshanyanyua kidole kuonyesha ng'ambo, lakini mama hakukiona. Alikuwa amemwona Ludovick, na uso wake ukachangamka.

— Kumbe ni wewe, mtumishi! Ni mimi, Dorkasi wa Mlali, niliyekupa jogoo. Ulituhubiria tusimwibie jirani, nikalia siku ile mbele za watu. Na shazia hiyo hapo kofiani. Nilijua tu atakuwa wewe!

Ludovick akapeleka mkono kwenye kofia.

— Mwaka jana kile kilemba kilichukua chakula cha wanangu, mtumishi. Tuliishia kula mlenda mtupu. Mwaka huu nimesema nakwenda kwa mtu wa Mungu. Nishushe mzigo hapa hapa?

Spana akawa anatafuta kitu chini ya kiatu. Redio naye alikuwa amezima kabisa. Halfani alisimama na birika mkononi, hamimini kahawa wala haiweki chini. Mzee Ludovick akaivua kofia taratibu, akaiweka mapajani, upande wa shazia ukiwa chini.

Mama Dorkasi akamtazama yeye, akatutazama na sisi mmoja mmoja, kamba ya punda bado mkononi.

— Mtumishi, aliuliza, si wewe?