Dada Yetu Bi Macho, Mtafiti wa Macho Yanayofifia

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kusimama nasi siku hii nzito, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imeniomba niwasimulie maisha ya dada yetu tangu alipozaliwa hadi alipotuacha, na kwa kuwa macho yangu hayasomi tena, historia hii nimeihifadhi kichwani, na mpwa wangu, binti wa marehemu, amesimama hapa pembeni na karatasi, nikikosea tarehe ananifinya, kwa hiyo mkiniona nimeshtuka msidhani ni majonzi peke yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba akiwa fundi cherehani na mama mkunga wa zahanati, na mama alipenda kusema kwamba mtoto huyo alizaliwa macho wazi, akaitazama taa kama mtu aliyepotelewa na kitu, maneno ambayo sisi wengine tuliyasikia mpaka tukayachoka.

Alianza shule ya msingi Januari 1956, na ni katika miaka hiyo kazi yake ya maisha ilipoanza bila mtu kujua, maana baba alianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, kwanza jioni, baadaye hata mchana, kisha ikawa mteja aliyesimama mbele yake anamwona vizuri lakini aliye ubavuni hamwoni kabisa, watu wakadhani anaringa. Marehemu, kila akitoka shule, alimtungia sindano ishirini, akazipanga kwenye kifuko cha pamba kwa mpangilio ambao baba aliujua kwa vidole, halafu akamuuliza, "Baba, leo unaona mpaka wapi?" naye baba alinyoosha mikono pande mbili kama anayepima kitambaa, na marehemu akaupima upana huo kwa futi ya cherehani na kuuandika kwenye daftari la hesabu, pamoja na tarehe, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka mikono ya baba ilikaribiana zaidi.

Januari 1964 alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza Novemba 1969, na mwaka uliofuata akaingia chuo kikuu, ambako walimu wake walimtaka asomee udaktari wa binadamu, akakataa, akasema daktari wa macho aliyempima baba alimwambia kwamba ugonjwa huu hauna dawa kwa sababu haijulikani unaanzia wapi, "sasa na mimi nikawe daktari wa kuwaambia watu maneno hayohayo?" Akasoma zoolojia, akahitimu Julai 1973 kwa daraja la kwanza, akafundisha biolojia sekondari kwa miaka mitatu, na Septemba 1976 akaenda ng'ambo kwa masomo ya juu, akarudi Septemba 1981 akiwa na shahada ya uzamivu, sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu.

Chuo kilimpa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, na kwa kuwa utando ule mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaoitwa retina, lazima ushughulikiwe gizani, alihitaji mapazia meusi mazito, na mapazia hayo alishonewa na baba, ambaye wakati huo alikuwa anaona upana wa sahani tu, akayashona safu mbili, kwa kupapasa, mshono umenyooka kama wa kijana, kisha akaomba apelekwe kuyaona yamekaaje, akasimama katikati ya chumba na kusema, "Humu ndani tuko sawa, mwanangu, hata wewe huoni."

Kila Jumatano alfajiri marehemu alikwenda machinjioni na boksi la barafu kuchukua macho ya ng'ombe, akayakimbiza maabara kabla seli hazijafa, na wachinjaji wakamzoea, mmoja wao akamuuliza, "Mama, hii kitu unaipika vipi?" naye akamjibu kwamba haipiki, anaisikiliza, jibu lililowachekesha wiki nzima, na kuanzia hapo wakamwita Bi Macho, jina lililomfuata hadi ofisi ya mkuu wa chuo.

Lakini kusikiliza alikosema hakukuwa mzaha. Alikuwa na sindano za kioo, nyembamba kuliko unywele, na kwa hizo aliweza kupima umeme mdogo sana wa seli moja, na jioni moja mwaka 1986 baba alimwomba amweleze anachofanya huko, lakini kwa lugha ya cherehani, si ya kitabu. Akamweleza kwamba seli zinazopokea mwanga, tofauti na watu wengi wanavyodhani, gizani ndipo hupeleka ishara mfululizo kwa seli jirani, na mwanga ukiziangukia hupunguza sauti, na huko kupungua ndiko ubongo unakokuelewa kuwa ni kuona. Baba akauliza, "Na zangu?" Marehemu akasema, "Zako zinakufa, baba, kuanzia pembeni, na sijajua kwa nini." Baba akasema, "Angalau umenijibu," na tarehe 3 Novemba 1988 akafariki, akiwa haoni kabisa.

Kuhusu ndoa, shemeji yangu ameniruhusu niseme ukweli, kwamba alipokutana na marehemu alifukuzwa. Februari 1982 alikuwa mwalimu wa jiografia, akawaleta wanafunzi wake kutembelea chuo, akafungua mlango wa maabara bila kubisha, mwanga ukaingia, kazi ya saa sita ikaharibika, na marehemu akamsema mbele ya wanafunzi wake mpaka wakamhurumia. Kesho yake alirudi kuomba radhi, akasimama nje ya mlango ule saa nzima akiogopa kubisha, marehemu alipotoka akamkuta, akacheka, na tarehe 18 Desemba 1982 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wawili, binti huyu anayenifinya, aliyezaliwa mwaka 1984, na mdogo wake wa kiume, wa mwaka 1987.

Sasa nafika mahali ambapo ningetamani kupita haraka, lakini marehemu hakupenda habari iliyopunguzwa. Mimi nilikuwa dereva wa basi la shule, na mwaka 1993, nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nilikuwa nimeanza kujikwaa kwenye ndoo na kugonga bega kwenye milango, nikajificha kama anavyojificha mtu mwenye hatia, mpaka jioni moja nyumbani kwake alisimama mbele yangu, akaniambia, "Mdogo wangu, nyoosha mikono." Nikajua. Akanipima, kisha akasema, "Nipe ufunguo wa basi." Nikamwambia nina watoto watatu wa kulisha. Akasema, "Na wale arobaini ndani ya basi ni watoto wa nani?" Nilikataa, nikaondoka kwa hasira, na asubuhi yake nikamkuta ofisini kwa tajiri yangu, amekaa, ameshamweleza, na mbele yangu akayarudia yote, machozi yanamtoka lakini maneno hayakumpungukia.

Sikuongea naye mwaka mmoja na miezi minne. Kila Jumamosi alimtuma shemeji aje kunichukua anipeleke kwenye mafunzo ya maandishi ya nukta nundu, nami nilikwenda nikidhani ni wema wa shemeji, na nilipopata kazi ya kupokea simu pale chuoni nikadhani ni bahati yangu, mpaka siku ya kwanza kazini simu ikalia, sauti ikasema, "Naomba maabara ya macho," nikaitambua, nikaelewa kwamba kazi hiyo nayo aliniombea yeye, nikasema, "Subiri, dada," naye akasema, "Nasubiri." Basi, ugomvi ukaisha hapo.

Mei 1998 alichapisha matokeo katika jarida kubwa, kwamba panya wenye ugonjwa wa namna yetu, wakipewa dawa fulani, seli zao hazikufa upesi, na magazeti yakaandika, watu wakapiga simu kutoka kila mahali, na mimi ndiye niliyekuwa nazipokea, na sitaficha kwamba nilitumaini, nilitumaini mpaka nikaanza kumwambia mke wangu rangi ya gari nitakayonunua. Mwaka 2000 fundi wake wa maabara, akiwa amepanda ngazi kubadilisha taa, aliona kwamba vizimba vya panya waliopewa dawa vilikaa rafu ya chini, kwenye kivuli, na vya wenzao vilikaa juu, karibu na taa, na mwanga mkali huziumiza seli kama hizo. Marehemu hakumkaripia, alimshukuru, wakabadilisha rafu za vizimba, wakarudia kazi yote kwa miezi minane, na dawa ikaonekana haifanyi kitu, kilichowasaidia panya kilikuwa kivuli.

Kabla hajaliandikia jarida lile kufuta matokeo yake, alikuja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akanieleza. Nikamwambia, "Ungeniacha, dada, nife nikitumaini." Akasema, "Nikikudanganya wewe, nitamwambia nani ukweli?" Alifuta makala ile Machi 2001, mwenyewe, bila kulazimishwa, cheo cha uprofesa kilichokuwa mezani kikaondolewa, wafadhili wawili wakajitoa, na wapo waliomcheka, wengine wao nasikia wako hapa leo, karibuni.

Lakini katika miezi ile minane alikuwa ameangalia macho ya wanyama walewale kwa makini kuliko mwanzo, akaona kwamba seli za mstari wa pili, zile zinazopokea ishara, zinaendelea kuishi muda mrefu baada ya jirani zao kufa, na zikiguswa zinajibu, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka mitano, vizimba vyote rafu moja, akaichapisha Oktoba 2006, na hii haijapanguka. Mwaka 2008 alipata uprofesa, na mwaka 2014 akastaafu, ingawa alibaki na ufunguo wa maabara na hakuna aliyethubutu kumwomba aurudishe.

Mtoto wangu wa pili ameurithi ugonjwa huu. Shangazi yake ndiye aliyemwambia, mwaka 2005, msichana akiwa na miaka kumi na minne, walikaa chumbani saa mbili, wakatoka wanabishana juu ya wali kuungua, na binti huyo leo ni mwalimu, na anasema alichoambiwa siku ile hakikumpunguzia kitu ila kubahatisha.

Februari 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, akawataka madaktari wamwonyeshe picha na kumwambia miezi iliyobaki, wakasita, akawaambia yeye mwenyewe amewahi kuwa mpeleka habari mbaya na anajua inavyofanywa. Wiki yake ya mwisho aliniambia, "Mdogo wangu, nimeshindwa kukupa hata taa moja." Nikamjibu kwamba watu wengine wenye ugonjwa huu hawana hata dada wa kugombana naye, akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu. Alifariki tarehe 11 Julai 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mume wake amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, na ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, sisi wadogo zake watatu na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumficha jambo, majirani waliotufulia, wakatupikia na kupokea wageni tulipokuwa hospitali, wafanyakazi wenzake wa idara, na kwa namna ya pekee fundi wake wa maabara, aliyeendesha gari siku nzima ili aingie chumbani kumwona kwa dakika kumi.

Dada, kwa niaba ya wote uliowaambia ukweli ukiwapenda, asante. Pumzika, Bi Macho, pumzika kwa amani.