Namba za Chaki Ukutani

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkurugenzi wa maabara, maprofesa mliokaa mbele na majoho yenu, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu mliofunga maduka mkaja, na wewe shangazi mtu uliyekataa katakata kukaa nyuma: nawasalimuni nyote.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, lakini huyu mnayempa uprofesa leo nimemzaa mimi, na hilo halihitaji cheti.

Makala zake za virusi na chanjo ni sitini na nne. Zimenukuliwa mara elfu tano, mia tatu na kumi na mbili. Mmesikia huko nyuma, au nirudie? Kunukuliwa maana yake mtaalamu wa mbali, asiyemjua hata kwa sura, anaandika: haya nimeyapata kwa binti wa fundi. Hawaandiki hivyo hasa, ila ndiyo maana yake.

Mkutubi wa chuo hiki ni mteja wangu. Kila akija kupima huniletea hesabu mpya, nami naiandika kwa chaki ukutani, kando ya vipimo vya watu. Mteja akiuliza gauni lake, namwonyesha ukuta kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo Mkurugenzi hakuliweka kwenye ratiba.

Miaka minne iliyopita makala yake moja ilivuma kuliko zote. Ilihusu chanjo ya virusi vinavyowaharisha watoto wachanga, ikasema dozi mbili zatosha, ya tatu ya nini? Ilinukuliwa mara mia nne na ushee. Mchana mmoja akaingia dukani na koti lake jeupe, akakaa juu ya robota la vitambaa.

"Mama, nimekosea."

Trei mbili za damu zilibadilishana nafasi ndani ya friza. Damu ya watoto wa dozi mbili ikasomwa kama ya dozi tatu, na ya tatu kama ya mbili.

"Nani ameona?" nikamwuliza.

"Mimi."

"Basi funga mdomo, mwanangu. Uprofesa uko mlangoni!"

Akaniangalia. "Mama, ukishona mkono wa gauni ukaenda upande, unafanyaje?"

"Nafumua."

"Na mteja akishaondoka nalo?"

"Naomba Mungu asijiangalie kwenye kioo."

Alicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. "Wateja wangu hawajui hata kusema, mama. Watanyimwa dozi ya tatu."

Kesho yake akaliandikia jarida liiondoe makala. Uprofesa ukaahirishwa. Mtaani, wale wale walioniita Mama Profesa wakawa wanachungulia dirishani, na bwana mmoja akauliza: "Mama Profesa, vipi, chaki imeisha?" Nilizifuta zile mia nne kwa kiganja changu. Nikakasirika, tena si na friza. Nilimkasirikia yeye. Miezi mitatu sikumpigia simu, mimi niliyemzaa.

Yeye alikuwa wapi? Humo humo maabara, akipima upya, trei kwa trei, miaka miwili. Jibu likatoka: dozi ya tatu inahitajika, tena sana. Makala hiyo mpya imeshanukuliwa mara mia nane, na kadi ya chanjo ya zahanati ya mtaani kwetu ina mstari wa tatu mpaka leo. Mwezi uliopita niliyemkuta kwenye foleni ya dozi hiyo, na mjukuu mapajani, ni bwana yule yule wa chaki. Sikumsema. Nilimpungia mkono tu, taratibu, ili anione vizuri.

Mwanangu, simama wakuone. Mbele ya wakubwa wako nasema: siku ile nilikupa ushauri mbaya, na kimya changu cha miezi mitatu kilikuwa kibaya zaidi. Nisamehe.

Na hilo gauni ulilovaa ndani ya joho, jana ulipolijaribu mkono wa kushoto ulivutika. Ukaniambia, "Acha mama, nani ataona?" Ulikuwa unanichokoza, najua. Ulipolala, nililifumua.

Wageni wangu, mmetulia kuliko wateja wangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa mpigieni makofi mwanangu; mikono ainyanyue bila hofu, haivutiki tena.