Mama Raheli wa Chungu cha Rangi

Leo Jumamosi, tarehe 30 Mei 1914, siku moja kabla ya Pentekoste, Mama Raheli binti Matonya anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya useremala miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kupika rangi za sakafu za mbao na kuamua sakafu ipi ipakwe rangi gani. Sisi wengine tumehamishwa mara kwenye randa, mara kwenye msumeno, mara kubeba magogo. Yeye hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Kabla ya kuendelea inatubidi tumwombe radhi. Asubuhi ya leo ameshuka kwenye gari moshi kutoka Gulwe, akaja moja kwa moja hapa karakanani bila kupita kwake Makole, na hata kabla hajapokelewa mzigo akaona kwamba ubao anaosimama juu yake kando ya chungu chake haupo. Tangu saa hiyo hatujapata raha. Kefa wa msumeno ameulizwa mpaka kaapa. Fundi Zaidi ameulizwa. Hata mbuzi wa karamu ameangaliwa kwa jicho baya. Mama, tunakusihi uvute subira kidogo. Ubao wako haukuchanjwa kuni, na habari zake zimo humu humu.

Mama Raheli aliingia karakanani mwaka 1892, wakati misheni yetu ingali kule upande wa Mpwapwa. Hakuajiriwa kwa ajili ya rangi. Aliajiriwa kusiriba sakafu ya udongo ya karakana, kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama mama yeyote wa Kigogo anavyosiriba nyumba yake, na mwanawe Loisi alikuwa mgongoni. Aliyekuwa akipaka rangi alipougua, kanisa jipya lilikuwa linangoja sakafu yake, na Raheli akasema rangi anaijua. Wakamwachia.

Akaipaka ngeu, ule udongo mwekundu, aliouchanganya na mafuta ya mbarika. Hivyo ndivyo alivyolelewa: kitu unachotaka kipendeze unakipaka ngeu na mafuta, awe kijana anayekwenda ngomani au bibi harusi. Sakafu iling'aa mpaka watu wakaja kuichungulia kwa mlango. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba mchanganyiko ule umetengenezwa ukae juu ya ngozi, wala haukauki. Jumapili waumini walipiga magoti wakiwa na kanzu nyeupe, wakainuka wekundu. Mchungaji alikuwa mwekundu mpaka viwiko. Mama Raheli mwenyewe ndiye anayependa kuisimulia habari hii, na kila mara humalizia kwa kusema, "Nilikuwa nimewavika wote kwa ngoma, ila hakuna aliyecheza."

Baada ya hapo akageukia magome. Kwa wageni ambao hawaijui kazi yetu, nieleze kwa ufupi. Mninga ukitoka msumenoni una rangi ya asali. Ukiupaka maji ya magome ya mgunga mara moja, asali inakolea. Ukirudia, unapata kahawa. Ukiongeza magadi kidogo, unaelekea damu ya mzee. Juu yake unasugua nta ya nyuki, basi. Magome huchemshwa katika chungu cha udongo, kwa sababu sufuria ya chuma huyafanya yawe meusi. Yote hayo Mama Raheli alimfundisha kila aliyetaka, na wengi tunayaweza. Jambo tusiloliweza ni kuchagua.

Yeye hakuchagua rangi kwa kuangalia ubao tu. Aliuliza nani atakaa humo na atakanyaga kwa viatu au kwa miguu mitupu. Kiatu hukwangua rangi, kwa hiyo sakafu ya viatu aliipaka mara nyingi, ikolee. Mguu mtupu huacha jasho na mafuta, na mbao huzidi kuiva mwaka hadi mwaka. Basi sakafu ya watu wanaotembea peku aliiacha nyepesi makusudi. Watu walimlaumu sana kwamba amebana rangi. Alikuwa akiwajibu wangoje, naye huyo anakwenda zake.

Akaenda mbali zaidi, akataka kuziona nyayo zenyewe. Alikata kipande kutoka katika mbao zile zile za sakafu, akakipaka, akakiweka mlangoni kwa mteja ili watu wa nyumba wakikanyage. Siku moja Akida Yahaya, ambaye watu walikuwa wakimpisha njia angali mbali, alikuja kuagiza sakafu ya baraza lake. Mama Raheli alimwamkia vizuri, "Shikamoo, bwana akida," kisha bila kupumua akasema, "Sasa vua viatu nione nyayo." Papo hapo sisi sote tukawa na kitu cha kutafuta chini ya meza. Akida alivua. Mama Raheli akainama, akatazama, akamwambia kwamba anaburuta mguu wa kushoto, kwa hiyo upande huo wa kiti chake utatiwa nta mara mbili. Akida alinuna mpaka sakafu ikakamilika, halafu akarudi mwenyewe kuomba ushauri wa mguu. Yule mbuzi anayeangaliwa kwa jicho baya ni zawadi yake.

Si kwamba alikuwa sahihi kila mara, wala hatutaki kumpamba hivyo mbele ya wanaomjua. Bwana Hollmann, msimamizi wetu, alipojengewa nyumba hapa Dodoma baada ya reli kufika na karakana kuhamia huku, alitaka sakafu nyeusi kama ile ya nyumba ya mama yake huko Ulaya. Mama Raheli akamwambia kwamba kwa vumbi la nchi hii, ikifika alasiri itaonekana kama imemwagiwa unga. Wakabishana. Bwana Hollmann akashika lake, na Mama Raheli akapika magome katika sufuria ya chuma, huku akinung'unika tukamsikia hadi barabarani. Vumbi lilikuja kama alivyosema. Lakini siku moja alimpelekea Bwana Hollmann nta, akamkuta amekunja mikono ya shati anafagia mwenyewe, anaimba kwa sauti ya chini. Bwana Hollmann akamweleza kwamba mama yake alikuwa akifagia hivyo kila alasiri. Mama Raheli alirudi karakanani, akasema, "Mimi nilichagulia vumbi. Sikumuuliza moyo wake umekaa wapi."

Tangu hapo kila mteja aliulizwa pia amekulia juu ya sakafu gani.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuumiza vichwa. Magoti ya Mama Raheli yamechoka. Miaka yote hiyo amepiga magoti juu ya sakafu za watu, na mwaka jana tulianza kumwona akishika ukuta anapoinuka. Hapa karakanani tungeweza kumsaidia. Tatizo lilikuwa nyumbani kwake, maana yeye aliyepamba sakafu za nusu ya mji huu anaishi katika nyumba ya tembe yenye sakafu ya udongo, na sakafu ya udongo isiposiribwa inapasuka, vumbi linapanda, na funza wanaingia miguuni. Kusiriba ni kazi ya magoti.

Jirani yake Tereza alijitolea kumsiribia. Alifanya vizuri, kwa macho ya watu wa kawaida. Mama Raheli akamshukuru sana, akangoja aondoke, akapiga magoti akaanza upya kwa sababu alama za vidole zilikwenda upande asioutaka. Kisha akashindwa kuinuka. Alikaa pale chini mpaka Kefa alipopita kumwamkia, akambeba kama mtoto, naye Mama Raheli akamwapisha asiseme. Kefa alitunza siri hiyo kuanzia Makole hadi mlango wa karakana.

Loisi, ambaye ameolewa Gulwe, aliposikia alikuja mbio. Alisema mama yake hawezi kuachwa hivyo, na kwamba akistaafu ahamie kwake. Hakuna anayeweza kumlaumu binti huyo. Lakini nyumba ya Makole ilijengwa na mumewe, marehemu Baba Sostenes, kwa mikono yake, na nyuma yake ndiko alikozikwa, na kila jioni Mama Raheli hutoa kigoda akakaa upande ule. Alituambia Gulwe atakwenda kwa kuwa mtoto ameomba, ila alikuwa akilisema huku anasugua chungu kilichokwisha takata. Ilituuma. Kwa nini hakuwahi kujitengenezea sakafu ya mbao? Tulimuuliza, akasema mbao ni za wateja.

Basi tukakata shauri. Baada ya Pasaka Loisi alimwita mama yake Gulwe akamwone mjukuu, akamshikilia huko kwa visingizio vingi kuliko tulivyomfundisha. Huku nyuma Fundi Zaidi alikwenda Kondoa kwa ndugu zake akarudi na mninga uliokauka vizuri. Mihimili tumeilaza juu ya mawe na chini yake tumemwaga majivu kwa ajili ya mchwa. Mbao zimekaa sawasawa. Mama, ile nyumba yako uliyoifunga na kumwachia Tereza ufunguo ina sakafu ya mninga tangu Jumanne. Usimkasirikie Tereza.

Ila ilipofika rangi, tulikwama. Kwa mara ya kwanza tulitakiwa kuchagua bila Mama Raheli, na tukikosea, yeye ndiye angeitazama kila siku iliyobaki. Fundi Zaidi alitaka damu ya mzee, akisema mtu wa heshima apewe rangi ya heshima. Kefa alitaka kahawa. Mimi Yotham, ninayeandika haya, nilikumbuka kwamba amekulia juu ya sakafu ya kusiriba, nikataka tutafute rangi ya kijivu kama ile, na vipande nilivyopaka vilifanana na sahani isiyooshwa. Tulivipanga vyote juani, tukavitazama asubuhi na alasiri kama alivyotufundisha, tukagombana mpaka Zaidi na Kefa wakawa hawasalimiani. Kila kipande kilikuwa kizuri na hakuna kilichokuwa chake.

Aliyetuokoa ni Tereza. Alikuja kuomba makaa, akasimama kando ya chungu, akasikiliza makelele yetu, kisha akatazama chini. Akasema, "Nyie wanaume, mbona miguu yake hamjaiuliza?"

Alikuwa akiutazama ule ubao. Fundi Zaidi aliuweka pale chini tulipohamia Dodoma, ili Mama Raheli asisimame matopeni masika. Mninga mtupu, hakuna aliyeupaka kitu hata siku moja. Lakini miaka yote ya hapa amesimama juu yake peku akikoroga, na sehemu mbili zilizokaa nyayo zake zimeiva, zinang'aa, na zina rangi ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuipika. Tulisimama tukiutazama. Fundi Zaidi alivua kofia yake, akaenda akamwamkia Kefa.

Baada ya hapo hapakuwa na mabishano. Mbao zote tumezipaka maji ya magome mara moja tu, tena mepesi, tukasugua nta, tukaweka brashi chini. Ilituwia vigumu kuacha, maana mkono wa fundi unapenda kuongeza. Kefa ametengeneza mpini mrefu wenye kitambaa mwishoni, wa kupakia nta mtu akiwa amesimama, kwa hiyo Mama Raheli hatapiga magoti tena isipokuwa kwa kusali, na hata hapo Mungu atamwelewa. Loisi, aliyekaa hapo kando yake akijifanya hajui kitu, alitangulia kuja jana, akapita Makole akaitembelea sakafu yote kutoka ukuta hadi ukuta. Amesema neno lake la Gulwe amelirudisha. Mama anabaki nyumbani.

Kwa niaba ya Bwana Hollmann, Fundi Zaidi na wote waliowahi kuguswa na mwiko wa chungu kichwani kwa kukosea vipimo, tunakushukuru, Mama Raheli. Karakana itanuka magome kama kawaida, lakini asubuhi hatutasikia salamu yako ya Kigogo, "Mbukwenyi!", mlangoni, na hilo tunalisikitikia bila kuona haya. Uishi kwa amani na afya, ukiwa na majirani wako na Baba Sostenes wako.

Na ubao wako, Mama, uko nyumbani kwako. Tumeupigilia kando ya kitanda, pale mguu unaposhukia. Kesho Pentekoste ukiamka utaukanyaga kabla ya kukanyaga kitu kingine. Huo mmoja umekwisha kuiva. Hizi nyingine tumeziacha nyepesi, wala usitulaumu kwamba tumebana rangi. Tembea peku ndani ya nyumba yako, uzimalizie mwenyewe.