Kaleli na Mtarakwa Uliopinda

Mimi ni Mburu, kaka yake Waithira, mjane wa marehemu, na familia imenituma nisome habari za shemeji yangu Kaleli, ingawa akiwa hai hakuniacha nimalize hata sentensi moja.

Alizaliwa mwaka wa 1909 huko Machakos, akaingia shule ya misheni Januari 1920, akafika darasa la tatu, akafukuzwa kwa kupasua mapera yote ya mwalimu ili aone funza ameingilia wapi. Tarehe 6 Aprili 1935 alimwoa dada yangu hapa Kiganjo, mahari akaleta mbuzi pamoja na miche ya mitarakwa, baba akapokea vyote, ila akasema mche hauchinjwi, basi mbuzi wakaongezwa. Mungu akawajalia Simeon na Wakonyo.

Tangu 1938 alifanya kazi kwenye kitalu cha miti Ruiru, ambako mbegu humwagwa ndani ya pipa la maji, zilizoliwa na wadudu huelea zikatupwa, nzima huzama zikapandwa. Mwaka wa 1950 aliona kwamba mbegu za mtarakwa mmoja uliopinda huzama karibu zote, akashikilia kuwa ugumu huo wa kuwashinda wadudu umo katika damu ya mti, na watoto wake wataurithi. Msimamizi alitaka ukatwe, maana mti uliopinda hautoi mbao, wakabishana hadi chai ikapoa, wakakubaliana miche yake na ya mti jirani ipandwe shamba moja, ikizaa wapime, na watoto wake wakishindwa, mama yao akatwe.

Shemeji alingoja miaka tisa. Mei mwaka huu wa 1959 alilazwa hospitalini Thika, akiugua ini, na tarehe 11 Agosti Wakonyo akampelekea mbegu za kwanza za miche ile, wakazimwaga kwenye beseni la wodi, za mti jirani zikaelea, za mti wake zikazama, akacheka hadi nesi akamkanya, kisha akamtuma binti kwa msimamizi.

Tunawashukuru madaktari, nesi aliyetuazima beseni, majirani wa Kiganjo waliopika na kuchota maji wiki nzima, na wenzake wa kitalu waliochimba kaburi.

Alituacha tarehe 14 Agosti, saa moja asubuhi. Barua ya msimamizi ilifika saa tatu, hatujaifungua kwa sababu ina jina lake, na Waithira ameniambia niifungue sasa, mbele yake. Imeandikwa hivi: Kaleli, mti hautakatwa, pona uje tuchume mbegu.

Umesikia, shemeji. Sasa pumzika kwa amani.