Sanduku Lililokosa Ndege

Sifa kwa Mungu aliyenipeleka Uingereza na kunirudisha, ndugu zangu! Nilipoondoka, majirani wa Kayole walisema sitamaliza hata mwaka, kwamba nitarudi na koti la baridi na kikohozi. Nilirudi na diploma ya maabara. Iko ukutani hadi leo. Mwenye shaka aje aisome, chai ipo.

Lakini mzaliwa wetu wa kwanza, Amani, alikuwa amechukuliwa na ugonjwa wa damu nikiwa bado masomoni. Alizikwa kijijini kwetu Butere bila mimi. Kwa hiyo mke wangu Ruth aliposhika mimba nyingine, niliapa kwamba huyu simpotezi. Kule Uingereza nilikuwa nimesikia kwamba damu inayobaki kwenye kitovu cha mtoto mchanga inaweza kuhifadhiwa kwenye baridi kali, ije kuwa dawa siku za mbele. Nikaagiza mfuko wa kuikingia na sanduku la kuisafirisha kwa ndege hadi huko. Nani mwingine Eastlands nzima angeweza?

Maneno yakazuka. Kwenye kibanda cha mboga walinong'ona kwamba nimejiunga na waabudu shetani, nawauzia wazungu damu ya mtoto. Mama mkwe alipokuja kumsaidia Ruth alilala kwa jirani, maana kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe wala hasemi naye ana kwa ana. Alimtuma Ruth aniulize kondo la nyuma litazikwa wapi. Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya kale. Lakini usingizi sikuwa nao, ndugu zangu. Nililiangalia sanduku lile kuliko nilivyomwangalia mke wangu.

Siku ikafika. Mtoto alizaliwa dhaifu, midomo imepauka. Mkunga akanigeukia pale mlangoni mwa chumba cha kujifungulia nilipokuwa nimelikumbatia sanduku.

"Kitovu bado kinapiga. Nikate sasa nijaze mfuko wako, au nisubiri damu imwingie mtoto?"

Nimesoma, lakini nilizidi kulikumbatia sanduku. Dawa ya kesho, au damu ya leo? Mama mkwe alikuwa kwenye benchi nje ya chumba, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka. Akageuka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Baba Amani," akasema, "mwachie mtoto chake."

Hakuna aliyekuwa ameniita jina hilo tangu tumpoteze. Nikaliweka sanduku chini.

"Subiri," nikamwambia mkunga.

Akasubiri. Midomo ile ikaanza kupata rangi, kisha binti yangu akalia, wakamsikia hadi barabarani! Bwana ni mwema!

Alipopimwa baadaye, ugonjwa ule hakuwa nao. Lakini mimi nilikuwa nimeshafunguliwa kutoka kwenye hofu kabla ya majibu hayo.

Sanduku lilikosa ndege, ila halikukosa safari. Nililijaza barafu, nikaweka kondo la nyuma ndani, nikapanda nalo basi la Butere. Abiria wakaniuliza kama ni samaki, nami mwenye diploma nikacheka. Mama yangu alichimba kando ya kaburi la Amani. Hapo ndipo nilipompigia mwanangu magoti, kwa mara ya kwanza, nikalia nikapumua.

Wewe uliyekumbatia sanduku la hofu, mwamini Mungu uliweke chini. Utahitaji mikono yako. Mimi niliihitaji siku ileile binti yangu alipozaliwa, mkunga aliponiambia, "Haya baba, mshike mtoto."