Mtawa Aliyenyimwa Kikombe

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Naomba lisifiwe kwa sauti, maana nimekuja kushuhudia!

Mwaka juzi niliugua kifua kikuu. Nilimaliza dawa, daktari akaniambia nimepona, siambukizi mtu. Nikarudi katika jumuiya yetu ya Wakongo hapa Brussels nikiimba. Baada ya sala, watu wakanawa, wakazunguka sahani moja kubwa ya bukari, ugali wetu, kama tulivyolelewa Lubumbashi. Sahani yangu, Maman Odette, kiongozi wetu, aliiweka kando, na uma juu yake. Uma! Bukari kwa uma!

"Maman Béatrice, ni sababu ya batoto tu," akasema. "Usikasirike, bon?"

Nilikasirika! Nikatoka bila kula. Mwaka mzima nilikwenda misa, lakini wenzangu walipopanga foleni ya komunyo, mimi nilibaki kwenye benchi. Niliwaza: nitakaribiaje meza ya Bwana pamoja na wanaoniogopa mezani kwao? Nilikuwa nakufa njaa ya roho, mimi niliyefundisha katekisimu miaka mingi!

Jumamosi moja, nikitoka sokoni Flagey, niliingia katika kanisa la abasia ya zamani iliyo karibu. Padre mzee Mbelgiji, aliyekuwa mmisionari kwetu Katanga, alinisalimia kwa Kiswahili. Nikalia, nikamweleza yote. Naye akanisimulia habari za mtawa aliyeishi hapo hapo karne nyingi zilizopita. Alipata ukoma. Wakamtenga katika kibanda chake, na kwa hofu ya ugonjwa wakamnyima kikombe cha Damu ya Bwana. Alilia sana! Bwana akamfariji, akamwambia kwamba katika Mwili, ile hostia, amempokea Yeye mzima, hakupungukiwa kitu. Tangu hapo, hata alipopofuka, aliyatoa mateso yake kuwaombea wengine.

"Na wewe, maman," padre akauliza, "Odette umeshamwombea?"

Ndugu zangu, nilitikisa kichwa! Sikuwa nimemwombea hata siku moja. Nikapiga magoti, nikalitaja jina lake. Mara ya kwanza nililitaja kwa hasira. Mara ya tatu nikasikia mzigo ukianguka! Haleluya! Nikaungama palepale.

Kesho yake, katika misa ya jumuiya yetu, nilisimama kwenye foleni ya komunyo. Aliyenifuata aliacha nafasi ya hatua mbili. Niliiona, na haikuniuma! "Mwili wa Kristo." "Amina!" nikajibu, hata wanakwaya wakageuka.

Wapo bado wanaoniogopa. Ninawaombea kwa majina. Asante Yesu, wewe hukuniogopa! Nawe uliyejitenga kwa uchungu, inuka leo. Katika kipande kile kidogo cha hostia Bwana yumo mzima, anakungoja. Njoo upokee!